Kungwi, Nyapara na Matroni

Mwanafunzi mmoja aliniletea tafsiri yake ya hadithi fupi ya kiwanda cha nguo, na humo mwanamke anayewasimamia wafumaji amempa jina la "kungwi wa mitambo". Wenzake walicheka. Mimi nami nilicheka kidogo, kisha nikaona kwamba kosa lile lina fikira ndani yake, nalo lastahili kujibiwa kwa hoja.

Alikuwa akilikimbia "msimamizi wa kike", na kwa hilo sina budi kumuunga mkono. Ngeli za lugha yetu hazitengi mume na mke: msimamizi amefika, mwalimu amefika, na upatanisho hauonyeshi aliyefika ni nani. Basi mwandishi aongezapo "wa kike" mahali ambapo kamwe hangeongeza "wa kiume", amekwisha kutuambia, bila kukusudia, kwamba msimamizi hasa ni mwanamume na huyu ni wa kuazima tu.

Lakini kungwi si cheo cha kiwandani. Katika Desturi za Wasuaheli, habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari zilizochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, twamkuta karibu na bibi arusi. Kwa kawaida ni mwanamke mtu mzima ambaye humfunda mwari usafi, adabu na mambo ya unyumba, humsindikiza siku ya arusi, na baadaye huendewa kwa shauri nyumba inapoingia fitina. Mamlaka yake ni makubwa, wala mwari hamjibu ovyo. Ila yanasimama juu ya siri na uaminifu, si juu ya mshahara. Wako walifanyao neno hili mzaha, kana kwamba kazi ya kungwi ni kufundisha viuno tu. Huko ni kulidhulumu neno pamoja na mwenyewe, na kumpeleka kiwandani ni kumdhulumu mara ya pili.

"Matroni" nalo lina mahali pake: mabweni ya wasichana, hospitali, na siku hizi hata kando ya bibi arusi, katika kiti kilichokuwa cha kungwi. Asili yake ya Kilatini yatokana na neno la mama, lakini sikio la Mswahili halilisikii hilo. Lasikia kengele na funguo. Lingefaa kama wafumaji wale wangekuwa wakilala palepale.

Neno lililokuwa karibu na mkono wa mfasiri ni nyapara. Asili yake ni kwa Wanyamwezi. Likamtaja kiongozi wa wapagazi katika misafara ya karne ya 19, kisha likaingia katika mashamba ya mkonge na magereza. Ni neno lenye jasho na hofu, na mwanamke wa hadithi ile huhesabu vipande, hukata ujira, husimama mlangoni saa ya kutoka. Kwamba ni mwanamke, msomaji atajua upesi, pale mfumaji mmoja mzee amwitapo "mama" akiomba ruhusa ya kwenda kumzika nduguye. Hapo ndipo ulipo uchungu wa hadithi: aliye nyapara ndiye aitwaye mama. "Kungwi" laufunika uchungu huo kwa heshima isiyo yake; "msimamizi wa kike" haliuoni kabisa.

Nilimrudishia karatasi zake nikiwa nimepiga mstari chini ya neno moja tu.