Nchi Haiwi Dalili: Uhakiki wa Hoja ya "Hata Waarabu Wenyewe"

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika misikiti na mabaraza yetu ya Kidodi, kuanzia mashamba ya miwa ya Ruhembe hadi njia panda ya Mikumi, ipo hoja iliyozoeleka kiasi kwamba hakuna tena anayeidai ushahidi. Hoja yenyewe ni hii: "Hata Waarabu wenyewe wanafanya hivyo." Mmoja huitumia kupinga maulidi, na mwingine huitumia hiyo hiyo kuyatetea. Mmoja hufunga Ramadhani kwayo, na mwingine humpeleka binti yake kazini Muscat kwayo. Na kwa kuwa Waarabu ni mataifa mengi, hoja hiyo huzaa swali la pili: ni Waarabu gani walio bora? Hapo nchi jirani hupangwa kama timu za mpira. Dubai husifiwa kwa mvuto, Oman kwa utamaduni, Saudia kwa siasa ya dini, na Yemen huwekwa mwisho kwa ufukara wake. Tunakusudia kuvihakiki vipimo hivyo kimoja kimoja, kisha tuone wanavyuoni wa zamani walisema nini juu ya kuifanya nchi kuwa dalili.

Kipimo cha mvuto

Anayeliona jengo la Burj Khalifa la Dubai, lenye mita 828 na lililofunguliwa mwaka 2010, husema moja kati ya mawili: ama Waislamu wameendelea, ama dini imeondoka mahali hapo. Hukumu zote mbili zimetolewa kwa jicho, wala hazikutafitiwa. Tuchukue mfano wa riba. Dubai, inayodhaniwa kuwa mji wa starehe tu, ndiyo iliyoanzisha Benki ya Kiislamu ya Dubai mwaka 1975. Oman, jirani yake anayesifiwa kwa utulivu na kushika mila, iliruhusu benki za Kiislamu mwaka 2011 tu, na Benki ya Nizwa ikafungua milango mwaka 2013. Sisi Watanzania tulipata Benki ya Amana mwaka huo huo wa 2011. Je, tuseme Dubai ni bora kuliko Oman? La, kwani Dubai hiyo hiyo imejaa benki za riba. Tunachosema ni kwamba mvuto wa mji hautuambii lolote juu ya hukumu ya muamala mmoja unaofanyika ndani yake.

Kipimo cha utamaduni

Wanaoipendelea Oman wana sababu zinazoeleweka. Kiswahili kinazungumzwa Muscat, na damu za watu wetu zimechanganyika. Sheikh Ahmed bin Hamed al-Khalili, aliyeteuliwa kuwa Mufti wa Oman mwaka 1975, alizaliwa Zanzibar mwaka 1942. Undugu huu ni neema, na hatuukatai.

Lakini undugu ni kitu kimoja na fiqhi ni kitu kingine. Ibadhi wa Oman hanyanyui mikono katika sala wala hasomi kunuti, na imamu wa Kidodi anayesoma kunuti ya alfajiri anafuata madhehebu ya Imam Shafii (r.a.). Ushafii huu haukuja na masultani wa Oman. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake wakiwa Mashafii, karne tano kabla ya Sayyid Said kuhamishia makao yake Zanzibar. Na hao masultani wenyewe, pamoja na kuwa Maibadhi, waliacha kila madhehebu kuwa na kadhi wake. Chini ya utawala wao Sayyid Ahmad bin Sumeit (1861-1925), aliyezaliwa Ngazija na mwenye asili ya Hadhramaut, alikuwa kadhi wa Mashafii wa Zanzibar. Wazee hao walikula sahani moja, walioleana, na kila mmoja alibaki na dalili zake. Basi anayesema "Oman ni ndugu zetu, kwa hiyo tufanye wanavyofanya" anadai jambo ambalo hata Waomani waliotutawala hawakulidai.

Kipimo cha siasa

Hapa ndipo mabishano yanapokuwa makali, kwa sababu watu hutaka kujua ni dola gani ya Kiislamu na ni ipi ya kisekula. Tukisoma maandishi ya dola zenyewe tunakuta daraja tofauti. Sheria ya Msingi ya Saudia ya mwaka 1992 inasema katiba ya nchi ni Kitabu cha Allah na Sunna. Katiba ya Yemen, baada ya marekebisho ya mwaka 1994, iliifanya sharia kuwa chanzo cha sheria zote. Sheria ya Msingi ya Oman ya mwaka 1996, na ile ya 2021 iliyoirithi, zimeiita sharia kuwa msingi wa utungaji wa sheria. Katiba ya Falme za Kiarabu ya mwaka 1971 imeitaja kuwa chanzo kikuu tu kati ya vyanzo.

Je, maandishi hayo yanatosha kuwa kipimo? Falme za Kiarabu, zenye Uislamu kama dini rasmi, tangu Januari 2022 zimefanya Jumamosi na Jumapili kuwa mapumziko ya serikali, na Ijumaa ikawa nusu siku ya kazi. Saudia, ambayo imeandika Kitabu na Sunna kuwa katiba yake, haina sikukuu ya Maulidi, na Oman na Falme za Kiarabu zina sikukuu hiyo.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa Yemen. Silsila nyingi za elimu ya Kishafii katika pwani yetu zinarudi Hadhramaut. Tangu mwaka 1967 hadi muungano wa 1990, Hadhramaut ilikuwa chini ya dola ya Yemen Kusini, dola ya Kiarabu iliyojitangaza wazi kufuata siasa ya Kimarx. Kama siasa ya dola ndiyo dalili, basi tungelazimika kuzitupa silsila zetu mwaka 1967 na kuziokota tena mwaka 1990. Hakuna mwenye akili anayesema hivyo. Elimu ilibaki kuwa sahihi kwa sanadi na hoja zake, serikali iwe ya nani.

Walivyosema waliotutangulia

Suala hili si geni katika usuli. Imam Malik (r.a.) aliichukulia amali ya watu wa Madina kuwa hoja, kwa kuwa walirithi matendo ya Mtume (S.A.W.) kizazi kwa kizazi. Al-Layth bin Sa'd, mwanachuoni wa Misri, alimwandikia kwa adabu kubwa akimpinga, akieleza kuwa masahaba walitawanyika katika miji mingi na kila mji uliipokea elimu yao. Imam Shafii naye, aliyekuwa mwanafunzi wa Malik, hakuikubali amali hiyo kuwa dalili inayojitegemea. Ikiwa Madina, mji wa Mtume, tena katika karne ya pili ya Hijra, haikupita bila ya kuhojiwa, itapitaje Dubai au Riyadh ya leo?

Tuangalie pia hadithi ya Kurayb katika Sahihi Muslim. Kurayb alirudi Madina kutoka Sham akaeleza kuwa huko mwezi ulionekana usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas (r.a.) alishikamana na kuonekana kwake Madina usiku wa Jumamosi, wala hakuacha kwa ajili ya mwandamo wa Muawiya. Mashafii wameichukua hadithi hii katika tofauti za matlai. Wanavyuoni wengine wengi wameona kuwa mwandamo wa mahali pamoja unawatosha wote, nao wana dalili zao. Kila upande unazungumza kwa nassi, na hiyo ndiyo njia. Lakini anayesema "tufuate Waarabu" hajasema kitu, kwani Waarabu wenyewe hawako pamoja. Mwaka 2024 Falme za Kiarabu zilianza kufunga tarehe 11 Machi, na Oman tarehe 12. Mwaka 2025 wa kwanza waliswali Idi tarehe 30 Machi, na wa pili tarehe 31. Al Ain na Buraimi ni miji iliyopakana, mmoja uko huku na mwingine kule. Mwenye kufuata "Waarabu" afuate upande upi wa mpaka?

Madhara yake kwetu

Pengine msomaji ataona haya ni mabishano ya wanafunzi tu. Sivyo. Mzazi anayeambiwa "Oman ni nchi ya Kiislamu, tena ni ndugu zetu" humtoa binti yake bila kuuliza mkataba. Sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2003 iliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Falme za Kiarabu zilitunga sheria yao mahususi mwaka 2017, yenye siku ya mapumziko kila wiki, ikafuatiwa na nyingine mwaka 2022. Hata hivyo ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 juu ya mabinti wa Kitanzania ilieleza kunyang'anywa pasi na kunyimwa mishahara katika nchi zote mbili. Fiqhi yetu ina mlango mzima wa ijara: kazi ijulikane, muda ujulikane, ujira ujulikane. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba aliyemtumikisha mtu kisha asimlipe ujira wake, Allah mwenyewe atakuwa hasimu yake Siku ya Kiyama. Hadithi hiyo haikumvua mwajiri kwa sababu ya nchi anayotoka.

Kwa hiyo nasaha yetu kwa maimamu na wanafunzi ni kuliuliza kila jambo kwa jina lake. Mtu akisema "Waarabu wanafanya", aulizwe: jambo gani, kwa dalili gani, na mwanachuoni gani amelisema? Akija mzazi kuomba dua ya safari ya binti, imamu auombe mkataba ausome kabla ya kunyanyua mikono. Allah ametufahamisha kuwa mbora wetu mbele yake ni mwenye taqwa zaidi, na taqwa haikugawiwa kwa pasi za kusafiria.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuonyeshe haki na atupe kuifuata. Wallahu aalam.