"Mingi" mbele ya "many" na "much"

Sentensi ninayotaka kuisoma ni fupi, na walimu wa Kiingereza wa Kisangani wanaijua vizuri: "We have many water." Hupigwa mstari mwekundu, hurudishwa kwa mwanafunzi, na mwaka unaofuata inatokea tena kwenye daftari la mwingine. Kabla ya kuifuta, tuangalie imejengwa juu ya nini.

Mtoto wa Mangobo au Kabondo, mitaa ya hapa Kisangani, husema kwa Kiswahili chake "batu mingi", "samaki mingi", "mayi mingi". Neno halibadiliki. Akigeukia Kilingala anakuta "bato mingi", "mai mingi", neno lile lile. Darasani anapewa Kifaransa, nacho kinamwambia "beaucoup de gens", "beaucoup d'eau". Lugha tatu amezivuka, na hakuna hata moja iliyomwuliza: kitu hiki kinahesabika au hakihesabiki? Kiingereza ndicho cha kwanza kumwuliza, na kinadai jibu kabla hajafungua mdomo: "many" kwa watu, "much" kwa maji. "Many water" basi si uvivu. Ni sarufi ya lugha tatu zinazokubaliana.

Wapo wanaosema kosa ni la Kiswahili chetu, kwamba tumeziua ngeli. Siwaungi mkono. Kiswahili hiki kilikuja na Wangwana, watu wa misafara ya biashara kutoka pwani, na kilishasikika hapa kwenye maporomoko Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alipopewa uliwali wa Stanley Falls mwaka 1887. Kimeota mizizi yake. Tena Kiswahili sanifu hakimwokoi mwanafunzi. Mtoto wa Unguja anasema maji mengi, na anasema majina mengi. Majina yanahesabika, maji hayahesabiki, lakini kivumishi ni kimoja, kwa sababu ngeli inafuata umbo la nomino, haifuati hesabu. Naye pia ataandika "many water".

Ajabu ni kwamba mahali ambapo Kiswahili kingemsaidia, mwanafunzi hakitumii. Chukua samaki wa Wagenia, wavuvi wa maporomoko yetu, wanaonaswa kwenye mitego mikubwa iliyofungwa kwenye miti mtoni. Samaki mmoja, samaki wawili: nomino imetulia. Kiingereza nacho husema "one fish, two fish". Mwanafunzi wetu anaandika "two fishes", kwa sababu ameipitisha sentensi kwenye "poissons". Ndivyo ilivyo kwa "informations", "advices" na "furnitures": zote zimevaa wingi wa Kifaransa, ilhali sisi tunasema habari bila kuigusa, iwe moja au nyingi.

Vimilikishi ndipo penye utamu zaidi. Soma hii: "Peter loves her mother." Kwa Mwingereza, mama huyo ni wa mwanamke mwingine. Mwanafunzi alikusudia mama yake Peter mwenyewe. Kifaransa husema "sa mère" kwa kuwa mama ni wa kike, hata mwenye mama akiwa mwanamume. Kiswahili nacho hutazama kinachomilikiwa: kitabu chake, nyumba yake, mwenyewe awe mume au mke, hatuulizi. Kiingereza kinakiacha kinachomilikiwa na kumtazama mmiliki. Kwa hiyo herufi tatu tatu za "his" na "her" zinamtaka mtoto ageuze macho yake upande mwingine kabisa, na sheria hiyo sijaiona ikielezwa hivyo ubaoni. Huwa inatolewa orodha ya kukariri tu.

Walimu wenzangu wa Kisangani, nawaomba jambo moja. Somo la "many" na "much" lisianzie kwenye Kiingereza. Andikeni kwanza juu ya ubao: mingi, mingi, beaucoup. Chini yake choreni mistari miwili, mmoja kwenda kwa batu, mwingine kwenda kwa mayi. Waacheni watoto wenyewe waseme kipi wanaweza kukihesabu.