Cha Oslo na cha Kakamega katika mwongozo wa DHIS2

Afisa wa kumbukumbu za afya kule Shinyalu, Kakamega, anayeingiza takwimu za MOH 705A, fomu ya wagonjwa wa nje walio chini ya miaka mitano, hataikuta fomu hiyo katika mwongozo wa DHIS2. Programu hii huria ya kukusanya takwimu za afya hutengenezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, na mifano ya mwongozo wake ni vituo vya afya vya Sierra Leone. Wapo wanaosema msomaji wa Kenya amesahaulika. Mimi naona waandishi wa mwongozo waliamua vyema.

Kenya ilipoanza kuitumia DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, Kakamega ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi. Ugatuzi ulipoingia 2013, ikawa kaunti yenye kaunti ndogo 12, na ngazi za kutoa taarifa zikapangwa upya. Mwongozo unaeleza jinsi ya kuunda ngazi na kuhamisha vituo, haujali zinaitwaje, kwa hiyo maelezo yake yalibaki sahihi. Majina ya maeneo, fomu, na tarehe 15 ya kukamilisha ripoti hubadilishwa na serikali. Mahali pa mambo hayo ni taratibu za kazi za Wizara ya Afya.

Penye ugumu ni mtandao. Kukatika kwake huko vijijini huonekana ni shida yetu wenyewe, isiyomhusu mwandishi wa Oslo. Lakini Kenya iliacha mpango wa kusimika programu wilayani, ikachagua seva moja kuu inayofikiwa kwa modemu za simu, na watengenezaji wakaiwezesha programu kuhifadhi takwimu ndani ya kivinjari hadi mtandao urudi. Hiyo sasa ni tabia ya programu, na ni lazima iandikwe: takwimu zimekaa wapi, zitatumwa lini, na kwamba ukifuta data za kivinjari kabla takwimu hazijatumwa, kazi ya siku nzima imepotea. Onyo hilo likae penye maelezo ya kuingiza takwimu, maana sura ya kusimika seva afisa wa kaunti ndogo hana sababu ya kuifungua.

Upande wa Wizara, kila utaratibu wa kazi utaje namba ya toleo la DHIS2 linalotumika na ukurasa wa mwongozo unaohusika, badala ya kunakili maelezo ya vitufe ambavyo toleo lijalo litavihamisha.