Bluu ya Sipaliwini

Chura wa mshale aliyezaliwa ndani ya nyumba, tuseme katika ghorofa moja huko Uholanzi, hana sumu. Rangi anayo, tena ya kuwaka: bluu, njano, au kijani yenye mabaka meusi. Sumu walikuwa nayo wahenga wake wa msituni, waliokula sisimizi na utitiri wenye kemikali kali, na ngozi zao zikaziweka akiba. Mkemia wa Marekani John Daly, aliyezichunguza ngozi hizo kwa miongo kadhaa, alionyesha pamoja na wenzake kwamba chura wa kufugwa akilishwa inzi waliopakwa kemikali hizo, naye huzikusanya ngozini. Akilishwa inzi watupu, hubaki mtupu.

Nalisema hili mapema kwa sababu wengi tukisikia mtu anafuga vyura wa sumu, tunadhani anatafuta sifa ya ujasiri. Hakuna cha ujasiri. Hata Waembera wa Kolombia, ambao desturi yao ya kupaka vishale sumu ndiyo iliyowapa vyura hawa jina, walitumia spishi chache tu. Vyura wengine wengi wa ukoo huo hawakuwahi kuguswa na kishale chochote. Ninachokistaajabia ni kwamba mfugaji hujifunza kwanza kutunza mvua, majani makavu na wadudu, na chura anapowasili, sehemu kubwa ya ufundi wake ni kumwacha.

Inzi ndio wa kwanza kuingia nyumbani. Ni walewale wanaozagaa juu ya ndizi mbivu, ila hawa wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi mpaka hawaruki tena: wengine hawana mabawa, wengine wanayo lakini hayafanyi kazi. Hukuzwa katika chupa zenye uji mzito wa unga wa viazi, hamira, sukari na siki kidogo ya kuzuia ukungu. Drosophila melanogaster, kwenye joto la nyuzi 25 hivi, hutoa kizazi kipya kwa siku 10 hadi 14. Drosophila hydei ni mkubwa zaidi, naye huchukua wiki tatu au hata zaidi. Kwa hiyo kila wiki huandaliwa chupa mpya, hata kama za zamani bado zimejaa, maana utitiri au ukungu ukiingia chupa hufa yote, na tumbo la chura halijui udhuru. Kabla ya kulisha, inzi hutikiswa katika kikombe chenye unga wa kalsiamu na vitamini, wakatoka weupe pe. Ukitaka kumjua mfugaji makini, acha kuwatazama vyura wake kwanza, tazama rafu ya chupa. Kila chupa ina tarehe.

Kisha tanki la kioo. Chini kabisa huwekwa kokoto nyepesi za udongo uliochomwa ili maji yapate pa kushukia, juu yake wavu, juu ya wavu udongo. Huo udongo kwa kweli ni magome, mkaa na nyuzi za kangaga, mchanganyiko ambao wafugaji wengi waliurithi kutoka bustani ya mimea ya Atlanta. Juu ya udongo hutandazwa majani makavu, na ndani ya majani huachiliwa kolembola, wadudu weupe wadogo mno wanaokula ukungu na mabaki. Hupandwa bromelia, ndugu wa mnanasi, ambazo hushika maji kwenye makwapa ya majani yake. Baada ya hapo tanki huachwa wiki kadhaa bila chura hata mmoja. Mizizi ishike, kolembola wazaane, ukungu wa mwanzo uje na uondoke. Anayeshindwa kungoja hapa atashindwa kungoja kote.

Mtu wa pwani akichungulia humo atakuta vitu vya uani kwake. Makumbi yaliyosagwa yamechanganywa kwenye udongo. Kifuu cha nazi kimekatwa mlango na kufunikizwa juu ya kisahani, na hicho ndicho chumba cha maharusi. Majani ya mkungu, yale mapana mekundu tunayofagia kila asubuhi bila kuyaonea huruma, huko huuzwa kwa pakiti. Yakilowekwa hutoa rangi ya chai, na wafugaji huyaamini kwa kutuliza maji ya viluwiluwi. Kinachowapinga watu wa Dar es Salaam na Mombasa ni joto tu. Vyura hawa hupenda nyuzi 22 hadi 26, na zikifika 30 huwa hatarini.

Mfano mzuri wa kuanzia ni yule wa bluu. Mholanzi Marinus Hoogmoed alimweleza kisayansi mwaka 1969, kutoka savana ya Sipaliwini kusini mwa Suriname, anakoishi katika vipande vya msitu vilivyozungukwa na nyasi. Siku hizi huhesabiwa kuwa ni aina mojawapo ya Dendrobates tinctorius. Urefu wake ni kama sentimita 4, na madoa yake meusi hayafanani na ya mwingine yeyote, hivyo picha ya mgongo hutosha kuwa kitambulisho. Dume hutambulikana kwa ncha pana za vidole vya mbele. Sauti yake ni mkoromo hafifu ambao mwenye nyumba anaweza kuishi nao miaka asiusikie. Majike nao hugombea dume, hukandamizana mpaka mmoja anyong'onyee, na ndiyo sababu wenye uzoefu humweka jike mmoja na dume mmoja.

Mayai huwa machache, kwa kawaida matano au pungufu, yakiwa ndani ya ute juu ya kisahani. Mfugaji hukitoa kisahani na kukiweka ndani ya kisanduku chenye unyevu, na kuanzia hapo kazi yake ni kutazama. Kiini cheusi hujigawa, hurefuka, huota mkia. Yai lisilorutubishwa hugeuka jeupe, likaondolewa kabla ukungu haujayafikia mengine. Baada ya wiki mbili hivi kiluwiluwi hujinasua. Msituni baba yake angembeba mgongoni hadi kwenye dimbwi dogo ndani ya shimo la mti. Nyumbani hutiwa kwenye kikombe chake peke yake, kwani wakichanganywa hulana.

Halafu ni miezi miwili, pengine mitatu, ya vikombe. Chakula kidogo cha samaki, jani la mkungu, maji yasiyo na klorini. Mkono mwepesi wa kulisha ndio unaoua, kwa sababu mabaki huharibu maji. Miguu ya nyuma hutangulia, kisha siku moja ya mbele inachomoza kwa ghafla, na hapo ndipo jicho la fundi linapohitajika: kiluwiluwi ameacha kula, anaishi kwa kuumeza mkia wake kutoka ndani, na sasa anaweza kuzama katika maji aliyokulia. Kikombe huinamishwa na maji hupunguzwa ili apate ufuko. Wengine hutoka na miguu ya mbele myembamba isiyoweza kuubeba mwili. Wafugaji wamebishana mengi juu ya chanzo chake, na lishe ya wazazi hutajwa mara nyingi. Aliyekuwa mvivu wa ule unga wa vitamini huenda akalipa hapa, miezi baadaye, kwa chura ambaye hata hakuwa amezaliwa.

Ufundi huu wote hufika ukingoni kwa Oophaga pumilio, chura mwekundu wa Nikaragua, Kosta Rika na Panama. Jike wake humpeleka kila kiluwiluwi kwenye maji yaliyotuama ndani ya bromelia, mmoja mmoja, kisha huzunguka kuwalisha mayai yasiyorutubishwa. Kiluwiluwi humtetemekea mama kuonyesha kwamba yupo. Mayai hayo, kwa vyura wa msituni, humpa mtoto hata sumu ya mama. Kikombe na chakula cha samaki havifui dafu hapa. Mfugaji humlisha mama ashibe, basi.

Kuna jambo jingine ninalowasifu nalo. Wafuga njiwa na kuku wa mapambo hufurahia kuchanganya damu wapate rangi mpya. Hawa, walio makini kati yao, hukataa. Chura wa bonde moja haozeshwi na wa bonde jingine hata kama ni spishi ileile, na kila kizazi hutunziwa kumbukumbu za asili yake. Huko Kolombia, kampuni ya Tesoros de Colombia huzalisha vyura na kuwauza nje kwa kibali, ili mnunuzi asiwe na sababu ya kumtafuta mwizi wa msituni.

Wafugaji hao pia wana desturi ya karantini: chura mgeni hukaa peke yake wiki kadhaa. Wana sababu. Kuvu inayoua vyura duniani, Batrachochytrium dendrobatidis, ilielezwa mwaka 1999 baada ya kupatikana kwa chura wa bluu wa aina hii hii, aliyekufa katika bustani ya wanyama ya taifa ya Marekani, Washington. Mwaka 2003 ilikutwa kwa chura wa Kihansi, yule mdogo wa njano wa milima ya Udzungwa, wakati idadi yake inaporomoka. Alikuwa amegunduliwa mwaka 1996 tu, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko, na bwawa la umeme likayakata manyunyu hayo. Karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000, na watunzaji wa bustani za wanyama za Bronx na Toledo wakawakuza kwa inzi na kolembola hao hao na kwa mvua ya bomba. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka uliofuata 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kuachiliwa korongoni kwao Kihansi. Korongo lenyewe limefungwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga manyunyu yaliyopotea, na kama ilivyo kwa tanki la sebuleni, lazima awepo mtu wa kukagua vichwa vya bomba visizibe.