Koti Lililopata Baridi Yake

Julai, Lushoto, mcheza dansi havui koti. Mji umekaa karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na jioni za kipupwe ukungu wa Magamba huteremka hadi barazani. Dar es Salaam wimbo wa tatu haujaisha koti lishatundikwa kitini na leso imelowa. Huku milimani suti na tai hukaa mahali pake mpaka bendi ifunge vyombo.

Maana dansi ilikuja na nguo za baridi. Hadi leo msimu wa dansi rasmi Vienna ni majira ya baridi, wanaume wamevaa makoti meusi yenye mikia, walzi inawazungusha. Dansi ilipofika pwani yetu, vijana waliosoma waliipokea na mavazi yake yote. Kabla yao kulikuwa na beni, ngoma ya gwaride na sare, ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Wao walitaka ukumbi, mtu na mwenzi wake, na foksitroti. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianzishwa 1932. Mwaka uliofuata santuri za mfululizo wa GV zikaanza kutoka na rumba ya Kuba, na walzi ikapata mpinzani isiyemweza. Na Tanga, mji wa bendi za Jamhuri Jazz na Atomic, hauko mbali na Lushoto: treni ilifika Mombo tangu 1905, na kutoka Mombo kilichobaki ni kona za kupanda.

Ufundi wenyewe uko miguuni. Anayejua hanyanyui kisigino. Huburuta soli ya ngozi juu ya saruji kwa mlio mdogo, kama wa mchele kwenye ungo. Kiganja chake kimelala wazi mgongoni mwa mwenzake, chini kidogo ya bega. Kabla ya kugeuka, kidole kimoja huongeza uzito, basi. Mama keshaelewa, gauni limeanza kuzunguka. Kijana wa siku hizi humvuta mwenzake mkono kana kwamba anamvusha barabara.

Beti zikiisha, bendi huingia kwenye chemko, sehemu ya mwendo wa kasi, na hapo wengi huachiana, kila mtu akacheza kivyake. (Hasara tupu.) Wale wa zamani hawaachiani: hatua hufupishwa, kiganja kinabaki palepale.

Bendi ikitua, mzee hufungua kifungo kimoja cha koti, humrudisha mama kitini, kisha hukifunga tena.