Milan walimhamisha Pirlo, Juventus wakachukua ubingwa

Msimu wa 2010/11 kocha Massimiliano Allegri alikosea kumwondoa Andrea Pirlo mbele ya mabeki wa kati. Kiangazi kilipofika, viongozi wa AC Milan wakaongeza kosa juu ya kosa kwa kumwacha aondoke bure. Kwa kuwa timu ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa wa Italia, wengi hadi leo wanaona aibu kuliita kosa. Mimi naliita kosa, na nadhani ndilo kubwa kuliko yote yaliyofanywa na klabu ya Italia katika dimba la kati kwa miaka 20 iliyopita.

Mfumo wenyewe haukuwa mgeni. Milan walicheza na viungo watatu, na mmoja nyuma ya washambuliaji wawili, ramani ile ile waliyoizoea enzi za kocha Carlo Ancelotti. Kilichobadilika ni aina ya mtu wa kukaa namba sita. Allegri alitaka mkabaji: Massimo Ambrosini, na kuanzia Januari 2011 Mark van Bommel aliyetoka Bayern Munich. Pirlo, kila alipokuwa fiti, akasogezwa kushoto mwa wale watatu. Alimaliza msimu akiwa na mechi 17 tu za ligi. Majeraha yalichangia, sikatai, lakini majeraha hayakumchagulia nafasi ya kucheza.

Tazama nafasi hiyo inamdai nini mchezaji. Kiungo wa kushoto katika watatu hupokea mpira mstari wa pembeni ukiwa karibu na bega lake, kwa hiyo nusu ya uwanja imeshamfia. Pirlo anatumia mguu wa kulia. Akigeuka kuingia ndani anakutana uso kwa uso na viungo wa wapinzani, na ile sekunde moja anayoihitaji ili ainue kichwa haipo tena. Timu ikipoteza mpira, anatakiwa akimbie kumkaba beki wa kulia wa wapinzani. Timu ikishambulia, anatakiwa aingie boksi. Yote hayo ni kazi ya mtu mwenye mapafu na kasi, na Pirlo hakuwahi kuwa na kasi hata akiwa na miaka 20. Ukimweka pale unamdai asichokuwa nacho, na alichonacho unakiacha kilale. Mbele ya mabeki, uwanja wote uko mbele ya macho yake: mabeki wa pembeni wakipanda, washambuliaji wakikata nyuma ya ukuta, na yeye anachagua.

Namba nazo zilimpa Allegri kiburi: mabao 24 tu ya kufungwa katika mechi 38 ni ulinzi wa hali ya juu. Lakini Ulaya walikutana na Tottenham katika hatua ya 16 bora, na San Siro beki wa kati, Thiago Silva, ndiye aliyepangwa kiungo pamoja na Gennaro Gattuso na Mathieu Flamini. Dakika 180 za mechi mbili, Milan hawakufunga hata bao moja. Peter Crouch alifunga moja, likatosha. Nani katika watatu wale angepenyeza pasi kwa Zlatan Ibrahimović?

Haya ndiyo ninayoyapigia kelele kila mwaka: makocha wengi wakiogopa kufungwa hukimbilia misuli katikati, kana kwamba mpira unalindwa kwa kuufukuza tu. Timu yenye mtu asiyepoteza mpira inajilinda kwa kuumiliki. Wazee wa kazi walilijua hilo. Nils Liedholm, akiwa Roma msimu wa 1982/83, alikuwa na Agostino Di Bartolomei, nahodha mwenye miguu mizito na pasi za dhahabu. Hakumsukuma pembeni. Alimrudisha hadi kwenye ulinzi, akampa Pietro Vierchowod awe na mbio kwa niaba yake, na Roma wakatwaa ubingwa. Ancelotti alikuwa mchezaji katika kikosi hicho, na alichokiona hakukisahau.

Carlo Mazzone naye, pale Brescia mwaka 2001, alimpokea Pirlo kwa mkopo kutoka Inter akiwa namba kumi asiye na pa kucheza, maana namba kumi ilikuwa na mwenyewe, Roberto Baggio. Mzee akamrudisha chini. Tarehe 1 Aprili, ugenini kwa Juventus, Pirlo akauinua mpira mrefu kutoka katikati, Baggio akautuliza na kumpita Edwin van der Sar kwa mguso ule ule, ikawa 1-1. Kiangazi hicho Inter wakamuuza kwa Milan, watani wao wa jiji moja. Uamuzi huo nao sijausamehe.

Ancelotti akamaliza kazi: Pirlo katikati, Gattuso pembeni yake akikaba kwa niaba ya wawili. Hesabu ya Liedholm ile ile. Matunda yake ni ubingwa wa Ulaya 2003 na 2007, na wa Italia 2004.

Kama mtu bado anauliza Pirlo alikuwa na nini, arudie nusu fainali ya Kombe la Dunia 2006 pale Dortmund, dakika ya 119. Kona imeokolewa, mpira unamkuta Pirlo nje ya boksi la Ujerumani. Mwingine yeyote angepiga shuti. Yeye anausogeza taratibu kwenda kulia, mguso baada ya mguso, na kila mguso unamvuta Mjerumani mmoja kumfuata. Wanapokuwa wamejaa mbele yake, anapenyeza pasi fupi kwa Fabio Grosso bila hata kumtazama. Grosso anaupinda kwa mguu wa kushoto, Jens Lehmann anaruka bure. Mbio hazikuhitajika popote katika tendo hilo. Kilichohitajika ni mtu anayejua wenzake na maadui wako wapi kabla mpira haujamfikia.

Mtu huyo ndiye ambaye Milan, Mei 2011, walimwona mzee kwa kuwa ametimiza miaka 32. Sera ya klabu ilikuwa kumpa aliyevuka 30 mwaka mmoja mmoja, naye akakataa. Miaka 10 ya utumishi ikaishia kwa kalamu ya Cartier, zawadi ya kiongozi wa klabu Adriano Galliani, kama Pirlo mwenyewe alivyosimulia katika kitabu chake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Juventus, waliomaliza wa saba misimu miwili mfululizo, wakampa miaka mitatu bila kulipa ada ya uhamisho.

Jibu lilikuja mechi ya kwanza ya ligi kwenye uwanja mpya wa Turin, Septemba 2011, dhidi ya Parma. Hazijafika dakika 20, Pirlo anapata mpira katikati. Stephan Lichtsteiner, beki wa kulia, tayari anakimbia. Mpira unaruka juu ya ukuta wote wa Parma na kushuka mbele ya mguu wake, bao. Mechi ikaisha 4-1. Kocha wa Juventus, Antonio Conte, alizipanga vizuri mbio za Arturo Vidal na Claudio Marchisio kumzunguka. Oktoba Milan wenyewe wakaja Turin wakalala 2-0, Marchisio akifunga yote mawili mwishoni.

Wana-Milan watanikumbusha bao la Sulley Muntari la Februari 2012, lililovuka mstari na mwamuzi akalikataa. Ni kweli lilivuka, na waliumizwa. Lakini Juventus walimaliza ligi ile bila kufungwa hata mechi moja, kwa pointi 84 dhidi ya 80. Mwamuzi hakuwapa Juventus mechi 38 bila kipigo. Juni mwaka huo, kwenye Euro pale Kiev, Pirlo yule yule aliyeitwa mzee alimchopia Joe Hart penalti na Italia wakaitoa England.

Mwaka 2014 Conte aliondoka Juventus na nafasi yake akapewa Allegri. Akamkuta Pirlo, sasa ana miaka 35, mzito kuliko alivyokuwa Milan. Safari hii hakumpeleka kushoto. Alimwacha mbele ya mabeki, akatwaa naye ubingwa wa Italia, akafika naye fainali ya Ulaya pale Berlin, Juni 2015.

Kama Pirlo wa miaka 35 aliweza kuishikilia nafasi hiyo hadi fainali ya Ulaya, wa miaka 31 aliiweza pia. Allegri alilitambua hilo akiwa Turin. Milan walilipia: baada ya ubingwa wa 2011, ligi ya Italia hawakuishinda tena hadi 2022.