Siku ya Baadaye: rape ya Baloji mu masikio ya Lubumbashi

Wamoja kati ya wazee wetu wanauliza: kitabu cha mila kinatafuta nini kwa barapere? Swali si baya, hatutalikimbia. Wanasema rape ilitoka Marekani, ikapitia Ufaransa, ikatufikia kwa kasete na televizyo, na kwamba kijana wa kofia upande hana kitu cha kufundisha mtu mwenye kujua majina ya ukoo wake. Bon. Tutajibu kwa kazi ya mtu mmoja, maana kuhukumu rape yote pamoja ni kama kuhukumu vyakula vyote kwa kuonja sombe ya jirani.

Mtu huyo ni Baloji. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji angali mtoto mdogo, akakomalia Liège, akaimba na kikundi Starflam. Jina lake tu, kwa sisi wa huku, ni mzigo: baloji ni walozi. Si jina alilojichagulia ili kutisha watu, ni jina la kuzaliwa. Mwenyewe ameeleza kwamba zamani neno hilo lilikuwa la watu wenye ujuzi, na kwamba mahubiri ya wamisionere njo yaliligeuza. Juu ya hiyo, wenye kujua Kiluba watabishana. Lakini mtu mwenye kubeba jina kama ile, mu mji wenye makanisa ya uamsho kila avenue, anajua ukali wake. Hata filamu yake Augure, iliyopata zawadi ku Cannes mwaka 2023, inazunguka jambo lilelile: mtoto anarudi nyumbani na jamaa wanamwona mlozi.

Disiki yake ya kwanza peke yake, Hotel Impala, ilitoka 2007. Chanzo chake ni barua ya mama yake mzazi, ambaye hakuwa na habari naye tangu utoto. Badala ya kujibu kwa karatasi, akajibu kwa disiki nzima. Mu wimbo De l'autre côté de la mère anacheza na Kifaransa: mama na bahari vinasikika sawasawa. Ule mchezo hauingii mu Kiswahili, tulijaribu. Lakini jambo lenyewe linaingia vizuri sana. Ngapi kati yetu hawana ndugu aliyevuka maji, na mama aliyebaki akingoja habari?

Tunakuja sasa ku kazi tunayotaka kusemea hasa, Kinshasa Succursale, iliyojulikana mwaka 2011. Imetengenezwa karibu kama mikstepi: nyimbo nyingine za disiki ya kwanza zimechukuliwa tena, zimevuliwa nguo ya Ulaya, na kurudishwa mu mikono ya banamuziki wa inchi. Vijana wetu wanajua mikstepi ni nini: unachukua muziki ya mwingine, unaweka juu yake maneno yako. Bila pesa ya studio, njo njia yao. Na wazee wanaocheka njia hiyo wakumbuke matanga. Mwanamke anayelia kwa kasala hajitungii sauti mpya. Anapokea sauti iliyokuwapo, na ndani anaweka majina ya marehemu, ya baba zake, ya mto wa kwao, na uchungu wake mwenyewe. Hakuna mtu anayemwita mwizi.

Mfano mkubwa ni Le Jour d'après, jina lake lingine Siku ya Baadaye. Chini yake kuna Indépendance Cha Cha, wimbo wa Grand Kallé na African Jazz uliozaliwa Bruxelles mwaka 1960, wakati wa Table Ronde, na gitaa ya Docteur Nico. Wimbo ule, tukiusikiliza vizuri, ni orodha: unataja vyama na wakubwa mmoja mmoja, hata wale waliochukiana, na kuwaweka wote ndani ya furaha moja. Ni kazi ya kasala iliyovaa rumba. Baloji anauchukua miaka makumi tano baadaye na kuuliza kulitokea nini asubuhi, wakati bia ilikwisha. Kwa msikilizaji wa Lubumbashi swali hili lina uchungu wa pekee. Uhuru ulikuwa tarehe 30 Juni. Tarehe 11 Julai Tshombe alitangaza Katanga kuwa inchi yake. Majina yaliyoimbwa pamoja mu Januari hayakuweza tena kukaa mu nyumba moja. Lumumba aliletwa huku mu Januari 1961, na huku njo aliuawa. Hatujui wimbo mwingine wa rape wenye kukanyaga mahali pazito vile na miguu ya kucheza.

Tusifu, lakini tusifu na macho wazi. Mu Karibu ya Bintou kuna Konono N°1, wale wa likembe (sisi huku tunasema kisanji) yenye kupitishwa mu vipaza sauti. Muziki inatetemesha kifua. Lakini kelele ile tamu inakula maneno, na rape isiyosikika maneno ni ngoma tu. Kisha kuna jambo la succursale. Mtoto wa Lubumbashi anarudi Kongo, na mlango anaopitia ni Kinshasa! Nakuenda ya disiki ya kwanza inageuka Nazongi Ndako. Lingala ni lugha yetu pia, hatugombani nayo; lakini yule mama hakungoja Kinshasa. Kweli, orkestra yake aliiita ya Katuba, na Kiswahili kimebaki mu majina ya nyimbo. Kimebaki paka mu majina, karibu. Ndani, Kifaransa kinatawala, kizuri, chenye mafumbo, kigumu.

Mu Ulaya disiki ilipokelewa vizuri. Huku sisi tuliipata kwa kunakili, flash kwa flash. Tuliwasikilizisha wanafunzi wa mwaka wa tano. Walipenda Siku ya Baadaye palepale, maana sauti waliijua kwa babu zao. Nyimbo nyingine waliona ni za mtu wa Bulaya, wakauliza kwa nini hasemi kama vile banasema mu cité. Haikuwa ujinga. Mwenda Jean-Bosco, ambaye Hugh Tracey alimkamata sauti ku Jadotville mwaka 1952, aliimba mu Kiswahili cha watu wa kazi, na dunia nzima ilijifunza gitaa yake bila kumwomba abadilishe lugha.

Basi tuliwapa kazi: kila mmoja aandike rape yake, Kiswahili cha kwao, na aanze kwa kujitaja kama mu kasala: mimi wa fulani, mwana wa fulani, mjukuu wa fulani. Maneno ya kujisifu yalikuja mbio. Majina hapana. Wengi walisimama ku jina la tatu. Juma lililofuata watatu walirudi na majina kupita kumi, na mmoja alikuwa ameweka sauti ya shangazi yake mu telefone, akitaja, akikohoa, akianza tena.